Namna ya Kuijaribu Krimu ya Asili ya Usiku kwa Mwenye Ngozi Nyeti

Msimu wa embe unapoanza hapa Tabora, kuanzia mwezi wa Novemba, watoto wengi huonekana na vidonda vidogo pembezoni mwa midomo, kwa sababu wamemenya embe kwa meno na utomvu wa kikonyo ukawagusa ngozi. Utomvu huo umetoka mtini moja kwa moja, haujapita kiwandani wala haujachanganywa na kitu chochote, na bado unababua. Naanza na embe kwa makusudi, kwa kuwa swali ninalolisikia mara nyingi kutoka kwa watu wanaonunua krimu za uso sokoni ni hili: ikiwa ni ya asili, kuna haja gani ya kuijaribu kwanza? Embe ni la asili, upupu ni wa asili, na utomvu wa mnyaa unaoweza kupofusha macho nao ni wa asili. Neno hilo hueleza kitu kilikotoka, lakini halielezi kitakavyoutendea uso wako ukilala nacho usiku kucha.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa hasara. Mwezi mmoja wa Julai, baridi ilipokuwa imenipasua mashavu, nilinunua kimkebe cha krimu ya nta, ndimu na dalasini kutoka kwa mama mmoja ambaye, kwa nia njema kabisa, aliniambia, "Dada, hii ni asili tupu, hata mtoto mchanga unampaka." Nikajipaka uso mzima usiku uleule, nikaingia ndani ya chandarua, nikalala. Kiasi cha saa 8 za usiku niliamka nikihisi kama nimeegemea jiko la mkaa, na kulipokucha kope zilikuwa zimevimba kiasi kwamba nilikuwa nachungulia badala ya kutazama. Uvimbe ulikwisha baada ya siku 3. Madoa meusi yaliyobaki kwenye mashavu yalikaa hadi mvua za Novemba.

Hayo madoa ndiyo sababu ya mwongozo huu wote. Ngozi yenye rangi nyingi, kama ilivyo ya wengi wetu, ikichokozwa hutengeneza rangi zaidi mahali palipoumia, na rangi hiyo hufifia polepole kwa miezi hata kama uchokozi wenyewe ulidumu usiku mmoja tu.

Iangalie ngozi kabla ya kopo

Ngozi nyeti si ugonjwa wenye jina moja. Wengine huhisi uso unavuta mara tu baada ya kunawa, wengine huwashwa wakipita kwenye vumbi au moshi wa kuni, na wengine huchomwa na losheni ambayo ndugu yao anaitumia kila siku bila tabu. Vitabu vingi vya urembo husema utaijua kwa wekundu, jambo ambalo ni kweli kwa ngozi nyeupe, lakini kwenye ngozi ya maji ya kunde au nyeusi wekundu huo hujificha na badala yake utaona sehemu imeiva kwa rangi ya zambarau au kahawia iliyokolea, au imepauka kama iliyopakwa majivu. Kwa hiyo jizoeze kutumia ncha za vidole kuliko macho, kwa sababu joto, ukavu wa kukwaruza na vipele vidogo mithili ya mchanga hutangulia kuhisiwa kabla ya kuonekana.

Kuna nyakati ambazo hupaswi kujaribu kitu chochote kipya. Usijaribu ukiwa na ukurutu uliochachamaa, ukiwa na michubuko, au ukiwa umetoka kunyoa nyusi jana. Usijaribu pia ikiwa umekuwa ukitumia mkorogo au krimu za steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, na umeacha hivi karibuni, kwa maana ngozi ya namna hiyo imekonda na imepoteza ulinzi wake, na hata mafuta ya mgando yanaweza kuichoma. Mtu wa hali hiyo amwone daktari kwanza, kwa sababu steroidi nyingine zikiachwa ghafla huuchafua uso kuliko ulivyokuwa mwanzo.

Majira nayo yana neno. Ngozi hupoteza maji mengi zaidi usiku kuliko mchana, na katika kiangazi chetu, hasa Juni na Julai ambapo usiku una baridi na hewa imekauka, krimu nzito ya usiku huwa na kazi ya kweli ya kufanya. Krimu hiyohiyo ukiianza Oktoba, joto linapokuwa limepanda kabla ya mvua, inaweza kukuletea harara kwenye paji la uso, nawe ukadhani imekukataa kumbe umekosea msimu.

Kuchagua

Tenganisha kwanza makundi mawili ambayo wauzaji huyaita yote krimu. Kundi la kwanza ni mafuta mazito yasiyo na maji, yaani nta iliyoyeyushwa pamoja na mafuta ya mbegu, ambayo hukaa juu ya ngozi na kuzuia maji yasitoroke. Kundi la pili ni krimu halisi, ambayo ndani yake maji na mafuta yamelazimishwa kuungana. Mchanganyiko huo ni wa zamani sana, kwani Galen, tabibu wa Kiyunani aliyeishi karne ya 2, anasifiwa kwa krimu ya nta, mafuta ya zeituni na maji ya waridi. Tofauti kati ya makundi haya mawili ni ya msingi kwa mwenye ngozi nyeti, kwa sababu penye maji ndipo bakteria na ukungu huishi. Krimu yenye maji ambayo muuzaji anajisifu kuwa haina kihifadhi chochote, tena imekaa juani mezani kwake tangu asubuhi, ni ya kuiacha palepale hata kama inanukia vizuri. Kwa anayeanza, nashauri kundi la kwanza, kwa kuwa viambato vyake ni vichache na ukidhurika utajua wa kumlaumu.

Kisha soma lebo. Kwa kawaida viambato hupangwa kuanzia kilichomo kwa wingi hadi kilichomo kwa uchache, hivyo majina 5 ya kwanza yanakupa karibu habari yote. Majina hayo huandikwa mara nyingi kwa Kilatini, nayo si magumu ukishayazoea: Aqua ni maji, Cera Alba ni nta, Helianthus Annuus ni alizeti, Butyrospermum Parkii ni shea. Neno la kuogopa kuliko yote ni Parfum, maana ni mfuko mmoja uliofichwa manukato mengi yasiyotajwa. Na mwenye ngozi nyeti asidhani kwamba manukato ya mimea yana upole zaidi: limonene ya maganda ya ndimu na machungwa, na linalool ya mimea kama mrujuani, zikikaa hewani hubadilika na kuwa miongoni mwa vichokozi vinavyojulikana sana na madaktari wa ngozi. Dalasini na karafuu ziache jikoni. Maji ya ndimu yana ukali wa kiasi cha pH 2 (pH ni kipimo ambacho chini ya 7 ni asidi na juu ya 7 ni magadi), wakati uso wa ngozi una pH inayokaribia 5, na zaidi ya hapo ndimu iliyobaki usoni ikikutana na jua la asubuhi huunguza na kuacha alama nyeusi.

Kuhusu mafuta, nina upendeleo na sioni haya kuutaja. Mafuta ya alizeti, ambayo hapa kwetu hayana shida kupatikana kwa kuwa jirani zetu wa Singida wanayakamua kwa wingi, yana asidi ya linoleiki inayosaidia ukuta wa ngozi kujijenga. Mafuta ya zeituni, pamoja na heshima yake yote, yana asidi nyingi ya oleiki ambayo inaweza kuulegeza ukuta huo. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa miguu na mikono, lakini kwenye uso wenye chunusi mara nyingi huziba matundu ya vinyweleo. Mawese ya Kigoma ni mekundu kwa karotini, na kabla hujaona yamekufanyia nini usoni, foronya itakuwa imebadilika rangi. Mafuta ya karanga mwenye mzio wa karanga asiyaguse kabisa.

Nta inastahili kuzungumziwa peke yake, kwa kuwa ndiyo fahari ya mkoa huu. Misitu ya miyombo ya Sikonge, Urambo na Kaliua imetoa asali na nta kwa vizazi vingi, na mjini Tabora kuna chuo kinachofundisha ufugaji nyuki. Nta safi ni tulivu na ni nadra kumdhuru mtu. Tatizo ni nta isiyosafishwa vizuri, ambayo ndani yake kuna gundi ya nyuki, ile ya kahawia inayonata ambayo nyuki huitumia kuziba nyufa za mzinga. Gundi hiyo hutokana na utomvu wa miti na ni kichokozi cha mzio kinachojulikana. Mzee mmoja mfugaji wa Sikonge alinionyesha namna ya kuitambua: aliuvunja mche wa nta mbele yangu, akaniambia, "Tazama tumboni, mwanangu, juu kila nta ni nzuri." Ndani ya nta safi rangi ilikuwa ya manjano iliyo sawa, nayo ilivunjika ikiwa kavu, wakati mche wa pili ulikuwa na vidoa vyeusi na mstari wa uchafu chini, na ulinata kidoleni. Ikiwa unanunua krimu iliyokwisha kutengenezwa, hutaweza kuivunja nta yake, lakini unaweza kumuuliza mtengenezaji ameichuja mara ngapi, na asiyejua jibu amekujibu.

Watu wengi hapa huniuliza pia kuhusu asali yenyewe. Asali ina asidi, inanata, na ina chavua, na anayelala nayo usoni asishangae akiamshwa na sisimizi. Mshubiri nao una sehemu mbili: ute ulio wazi katikati ya jani, ambao hutuliza, na maji ya manjano chini ya ganda, ambayo huwasha. Anayekata jani na kujisugua moja kwa moja hupata vyote viwili.

Jambo la mwisho kabla ya kulipa ni la usalama zaidi kuliko la upendeleo. Tangu Julai 2019 usimamizi wa vipodozi nchini uko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwa hiyo kwa krimu ya kiwandani tafuta alama ya TBS, jina la mtengenezaji na tarehe ya kwisha muda. Krimu yoyote inayodai kuwa ya asili huku ikikung'arisha uso ndani ya usiku 3 iogope, kwa sababu hakuna nta wala mbegu inayofanya kazi hiyo, na yanayoifanya ni haidrokwinoni, steroidi au zebaki. Zebaki huharibu figo, na Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza nchini na kuuza nje vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu 1 katika milioni, ingawa makopo ya namna hiyo bado huzunguka kwenye mikoba ya wauzaji.

Mkono kwanza

Sasa umelipa, uko nyumbani, na hamu ya kujipaka ni kubwa. Weka kopo mbali na kioo. Sehemu ya kwanza ya kujaribia ni upande wa ndani wa mkono, chini kidogo ya kiwiko, mahali ambapo ngozi ni laini na hapasuguliwi na kazi. Chora kwa kalamu ya wino duara lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, kisha paka ndani yake krimu kwa unene uleule utakaoutumia usoni, asubuhi na usiku. Mkono wa pili usiupake kitu chochote, maana huo ndio shahidi wako: mikono yote ikiwasha, huenda ni vumbi, mbu au sabuni mpya ya kufulia, na krimu haina kosa.

Chama cha madaktari wa ngozi wa Marekani hushauri jaribio la namna hii lidumu siku 7 hadi 10, nami nasisitiza 10. Watu wengi hupaka jioni, wakatazama asubuhi, wakaona pako sawa, wakafungua njia. Kosa liko katika kutokujua kwamba ngozi hukataa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya kuchokozwa tu, kama pilipili inavyochokoza ulimi, nayo huja ndani ya dakika au saa chache na humpata mtu yeyote akipakwa kiasi cha kutosha. Namna ya pili ni mzio, ambao mwili huanza kwa kukijifunza kitu, na kujifunza huko kunaweza kuchukua siku 10 au zaidi bila dalili yoyote. Mwili ukishajifunza, kila unapokutana na kitu hicho huitikia baada ya siku 1 hadi 3. Ndiyo maana kuna mtu anayeapa kwamba ameitumia krimu hiyohiyo wiki nzima bila tatizo na leo imembadilikia.

Weka daftari dogo karibu na kitanda, uandike tarehe na mambo matatu: unavyohisi, unachokigusa, unachokiona. Tazama duara karibu na dirisha asubuhi, si chini ya taa ya usiku, maana taa ya manjano huficha nusu ya habari. Katika daftari langu la jaribio la pili, ambalo nililifanya kwa krimu ya nta na alizeti pekee, ukurasa wa siku ya 4 unasema, "Pamekauka kidogo pembeni mwa duara, hapawashi," na wa siku ya 5, "Sawa na mkono wa pili." Kama nisingeandika, siku ya 4 ningeitupa krimu hiyo kwa hofu niliyobaki nayo kutokana na ile ya dalasini, kumbe ukavu wenyewe ulikuwa wa wino wa kalamu niliokuwa naufuta kwa nguvu.

Duara likiwasha zaidi ya dakika chache, likivimba, likitoa vipele au likibadilika rangi, osha kwa maji na sabuni laini na usirudie. Usijidanganye kwamba ngozi itazoea.

Kutoka mkononi kwenda usoni

Mkono ukiridhia, bado uso haujaridhia, kwa kuwa ngozi ya uso ni nyembamba zaidi na ina tezi nyingi za mafuta. Chukua krimu kiasi cha punje ya mtama, ukaiweke nyuma ya sikio na chini ya taya upande mmoja, kwa usiku 4 mfululizo. Nimechagua mahali hapo kwa ubinafsi wa kawaida: doa likibaki, halionekani sana.

Baada ya hapo ndipo uso wenyewe unapofikiwa, na mambo yanayoizunguka krimu huamua mengi kuliko krimu. Maliza kwanza kupika, kwa sababu hakuna faida ya kupaka mafuta yanayonata halafu ukainamia moshi wa mkaa. Nawa kwa maji ya vuguvugu. Usitumie sabuni ya mche ya kufulia, ambayo ukali wake wa magadi hufikia pH 9 au 10 na huivua ngozi mafuta yake yote, hivyo unaipaka krimu ngozi ambayo umekwisha kuijeruhi. Gandamiza uso kwa kitambaa laini bila kusugua, uuache na unyevunyevu, kisha chukua kiasi cha punje moja ya mahindi kwa uso mzima, ukiyeyushe kati ya vidole mpaka kiwe kama mafuta, na ukibandike kwa viganja kwenye mashavu, paji na kidevu. Epuka kope na kona za pua na mdomo. Fanya hivyo saa moja kabla ya kulala ili krimu itulie, la sivyo foronya itakunywa kuliko uso, na hiyo foronya uifue angalau mara 2 kwa wiki.

Wiki ya kwanza jipake usiku wa 1, wa 4 na wa 7 tu. Wiki ya pili jipake usiku mmoja na kuacha mmoja. Wiki ya tatu, ikiwa kuna amani, jipake kila usiku. Katika muda huo wote usibadilishe kitu kingine: si sabuni, si losheni ya mchana, si mafuta ya nywele. Mafuta ya nywele husahaulika sana. Dada mmoja tunayekaa naye jirani aliilalamikia krimu yake kwa vipele vilivyopangana kwenye paji kama mstari wa rula, na nilipomtazama vizuri nikaona vimefuata ukingo wa mabutu aliyosukwa Jumamosi iliyopita na kupakwa mafuta ya kung'arisha. Tulimwambia afunge nywele kwa kitambaa wakati wa kulala, na krimu ikaachiwa huru.

Hukumu ya mwisho usiitoe kabla ya wiki 4 hadi 6. Faraja ya ukavu huonekana upesi, pengine usiku wa kwanza, lakini chunusi zinazotokana na matundu kuziba huchukua wiki kadhaa kujitokeza, na mara nyingi huanza kama vipele vidogo visivyouma ambavyo utavihisi kwa kidole kabla ya kuviona.

Kumbuka pia kwamba krimu ya usiku haina kinga ya jua. Asubuhi uinawe, uvae kofia au ubebe mwavuli, na kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao ngozi yao ni nyeti kuliko ya wote, mafuta ya kukinga jua ndiyo ya kwanza na krimu ya usiku ndiyo ya pili. Mafuta hayo hutengenezwa hata hapa nchini, huko Moshi.

Ukitaka kuitengeneza mwenyewe

Chukua nta safi gramu 10 na mafuta ya alizeti yaliyosafishwa gramu 50, au sehemu 1 kwa sehemu 5 kama huna mizani. Kwaruza nta kwa kisu, uiweke pamoja na mafuta kwenye bakuli la chuma, na bakuli hilo ulitie ndani ya sufuria yenye maji ya moto juu ya jiko la moto mdogo. Usiweke mafuta na nta moja kwa moja juu ya mkaa, kwani hushika moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, kwa hiyo maji hayana haja ya kuchemka kwa fujo. Ikishayeyuka, dondosha tone kwenye kijiko cha baridi ujaribu ugumu wake, na ikiwa ni Oktoba ongeza nta kidogo, maana joto la mchana litailegeza. Kopo liwe limechemshwa na kukaushwa mpaka ndani kabisa. Andika tarehe juu yake, chukua krimu kwa kijiko safi badala ya kidole, na baada ya miezi 3, au mara tu itakapoanza kunuka kama karanga zilizochacha, usiitumie tena usoni. Usiongeze maji, ute wa mshubiri wala asali, kwa sababu hapo utakuwa umehamia kwenye lile kundi la pili linalohitaji kihifadhi na vipimo ambavyo jikoni hatuna.

Uso ukikataa

Ukiamka usiku uso unachoma, usisubiri kuche. Inuka unawe kwa maji mengi na sabuni laini, kisha weka kitambaa safi kilicholowekwa maji ya baridi. Acha kila kitu ulichokuwa unajipaka, na kwa siku kadhaa tumia maji na mafuta ya mgando yasiyo na manukato pekee. Madoa yakianza kujitokeza, usikimbilie mkorogo kuyafuta, maana huo ndio mlango ambao wengi wamepitia na hawajatoka. Wala usikubali tyubu ya steroidi kutoka duka la dawa kwa kuelezea tu dirishani. Midomo au macho yakivimba, malengelenge yakitokea, au pumzi ikibana, nenda hospitali usiku uleule, na ulibebe kopo lenyewe pamoja na lebo yake, kwa sababu daktari atakuuliza kilichomo na "asili tupu" haitamsaidia.

Ikiwa mkono uliikubali krimu na uso ukaikataa, usiitupe. Ipake kwenye magaga ya visigino, vaa soksi, ulale. Ile ya ndimu na dalasini niliimalizia huko, na visigino havikulalamika.